Wapenzi Wawili wa Ostia: Mwongozo wa Kuandika Riwaya ya Mapenzi ya Wanaume katika Dola ya Roma

Anayetaka kuandika riwaya ya mapenzi ya wanaume wawili katika Roma ya kale mara nyingi huanza na swali moja: je, jamii ile iliwakataza? Akishapata jibu, anajenga kisa chote juu yake, na hapo kisa kinaanza kwenda kombo. Warumi hawakugawa watu kwa kuangalia wanampenda nani. Waliuliza mambo mengine: huyu ni mwungwana, yaani aliyezaliwa huru, ni mtumwa, au ni mtumwa aliyeachwa huru? Ana uraia au hana? Mwili wake ni mali ya nani? Ukiyashika maswali hayo utapata vikwazo vya kweli, hofu ya kweli, na furaha ambayo msomaji ataiamini. Ukiyaacha, utabaki na watu wa leo waliovalishwa nguo za kale.

Mwongozo huu ni wa anayeandika kwa Kiswahili. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, wanaume wawili wa kubuni niliowaweka Ostia, mji wa bandari wa Roma, ili kila hatua uione ikifanya kazi.

Hatua ya 1: Chagua mwaka, kisha mji

"Roma ya kale" ni zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 46 kabla ya Kristo askari wa Julius Caesar waliandamana naye kusherehekea ushindi huku wakiimba, mbele ya mji mzima, nyimbo za kumtania kwamba aliwahi kuwa mpenzi wa Nicomedes, mfalme wa Bithynia, nchi iliyokuwa kaskazini-magharibi mwa Uturuki ya leo. Caesar hakupenda utani huo, lakini aliendelea kutawala. Mwaka 342 wana wa Kaisari Constantine walitoa sheria kali dhidi ya mwanamume anayeolewa kama mwanamke, na mwaka 390 Kaisari Theodosius akaagiza wanaume waliopatikana katika madanguro ya wanaume wachomwe moto hadharani. Wapenzi wa zama ya kwanza na wapenzi wa zama ya pili hawawezi kuwa na hofu moja. Kwa hiyo andika mwaka juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari lako kabla hujaandika jina la mhusika yeyote.

Mimi nachagua utawala wa Kaisari Hadrian, kati ya mwaka 117 na 138. Sababu yangu ni tukio moja. Mwezi Oktoba mwaka 130 kijana wa Bithynia aitwaye Antinous, kipenzi cha Kaisari, alizama katika mto Nile. Hadrian alimwombolezea waziwazi, akajenga mji kando ya mto huo na kuuita Antinoopolis, na kijana yule akaabudiwa kama mungu. Sanamu zake zilienea katika dola nzima. Wahusika wako hawana haja ya kukutana na Kaisari hata mara moja. Inatosha sanamu ya Antinous ishushwe bandarini, ikiwa imefungwa kwa majani makavu, na kila aliyesimama pale atoe maoni yake: baharia, mwuza mvinyo, tajiri wa nafaka. Katika ukurasa mmoja msomaji atakuwa ameisikia sauti ya zama nzima, na wapenzi wako wawili watakuwa wamesimama mbalimbali, kila mmoja akijizuia kumtazama mwenzake.

Ostia ni chaguo zuri kwa sababu magofu yake yamebaki mengi. Ni kama kilomita 25 kutoka Roma. Kuna nyumba za ghorofa za matofali, mikahawa yenye meza za mawe, mabafu, viwanda vya mkate vyenye mawe makubwa ya kusagia, na uwanja mmoja ambapo wenye meli walikuwa na ofisi zao, kila ofisi na picha ya vijiwe mbele ya mlango; ile ya wafanyabiashara wa Sabratha, mji wa Libya ya leo, ina tembo. Tafuta ramani ya mji huo mtandaoni, uichape, na uchore kwa kalamu njia ambayo mhusika wako anapita kila siku. Kazi hii ni ya saa chache tu, nayo itakuokoa mara mia.

Anayetaka kukileta kisa karibu na kwetu ana njia halali. Katika karne ya kwanza mfanyabiashara mmoja aliyetoka Misri ya Kirumi aliandika kwa Kigiriki maelezo ya safari za Bahari ya Hindi, na ndani yake akaitaja Rhapta, soko la pembe za ndovu kwenye pwani iliyoitwa Azania, na vyombo vyake vilivyoshonwa kwa kamba kama mitepe. Wanahistoria wengi huiweka Rhapta kwenye pwani ya Tanzania ya leo. Wanaume wawili wamefika huko kwa kaskazi na sasa wanangoja kusi iwarudishe: hiyo ni riwaya nyingine kabisa, na natamani mtu aiandike.

Hatua ya 2: Jifunze walichokiona wao, si unachokiona wewe

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu kuliko zote.

Msemaji mmoja wa zama za Augustus, Quintus Haterius, alipokuwa akimtetea mtu aliyeachwa huru ambaye alishutumiwa kuwa mpenzi wa bwana wake wa zamani, alisema kwamba jambo hilo kwa mwungwana ni kosa, kwa mtumwa ni lazima, na kwa aliyeachwa huru ni wajibu. Watu wa Roma walilicheka neno "wajibu" na kulifanya utani wa mitaani. Lakini liandike kwenye karatasi na ulibandike juu ya meza yako, kwa sababu mfumo wote umo ndani yake. Kitendo ni kilekile na watu ni walewale, ila hukumu inabadilika kufuatana na hadhi.

Mfano wa upande wa pili: mwaka 104 kabla ya Kristo ofisa aitwaye Gaius Lusius, mpwa wa jemadari Marius, alijaribu kumlazimisha askari mmoja kijana, Trebonius. Askari akamwua. Kumwua mkubwa wako jeshini ni kifo, lakini Marius alipoisikiliza kesi alimvika Trebonius taji la ushujaa. Mwili wa raia huru haukuguswa. Mwili wa mtumwa haukuwa na kinga ya namna hiyo.

Kutokana na hayo, yapo mambo ya kuyaondoa kwenye muswada wako. Ondoa ile sura ambapo mhusika anajitambua kuwa yeye ni "mtu wa aina fulani" na kuwatangazia wazazi wake. Hakuwa na kundi la kujiingiza. Baba yake asingeshangaa kusikia kwamba mwanawe anamtamani mwanamume. Angetaka kujua ni mwanamume gani, wa hadhi gani, na nani yuko juu ya nani. Aibu kubwa ilikuwa mwungwana mtu mzima kukubali nafasi iliyohesabiwa kuwa ya mtumwa au ya mwanamke. Mtu wa namna hiyo alichekwa, na heshima yake mbele ya sheria ilipungua.

Kwa hiyo siri ya wapenzi wako si kwamba wanapendana. Siri ni kwamba wanapendana kama watu walio sawa. Hilo ndilo jambo ambalo jirani yao asingelielewa, na hilo ndilo litakalokupa joto la kisa chote.

Soma washairi wenyewe. Catullus alimwandikia Juventius mashairi ya mabusu, Tibullus alilia kwa ajili ya Marathus, na Virgil aliwaweka Nisus na Euryalus ndani ya utenzi wake mkuu, wapiganaji wawili wanaokufa pamoja, kisha akaahidi kwamba jina lao halitasahaulika. Tafsiri zao zinapatikana bure. Wakati unasoma, kumbuka kwamba karibu kila sauti unayoisikia ni ya mwenye nguvu. Sauti ya yule mwingine ndiyo kazi yako.

Hatua ya 3: Pima hadhi za wapenzi kabla ya sura zao

Waandishi wengi huanza na macho ya kijivu na mabega mapana. Anza na daftari la hadhi. Kila mhusika, jibu: alizaliwaje, ana uraia, nani ana haki juu yake, ana fedha kiasi gani za kwake, nini kitatokea akifa.

Nina msimamo kuhusu mambo mawili, na sitauficha. La kwanza, wapenzi wote wawili wawe watu wazima, na ionekane tangu ukurasa wa kwanza. Vitabu vya kale vimejaa wavulana; huna sababu ya kurithi hilo. Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari, anatuambia kwamba Kaisari Galba alipendelea wanaume waliokomaa, kwa hiyo hata historia inakupa ruhusa.

La pili ni bwana na mtumwa wake. Kisa cha bwana anayempenda mtumwa wake kimeandikwa mara nyingi sana katika lugha nyingine, na mara nyingi mwandishi anapita haraka juu ya swali la ridhaa. Sisi hatuwezi kupita haraka. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, utumwa wenyewe ukafutwa huko mwaka 1897, na wapo watu ambao bibi za bibi zao walipita pale. Msomaji wa Kiswahili akikutana na neno "mtumwa" hasomi pambo la kihistoria. Asiyeweza kusema hapana hawezi pia kusema ndiyo, na mapenzi ya riwaya yanasimama juu ya ndiyo. Kama ni lazima utumie utumwa, na katika Roma ni vigumu kuukwepa, basi mwache mpenzi mmoja awe ametoka utumwani na mwenzake asiwe bwana wake wa zamani.

Wa kwangu ni hawa. Hilarus, miaka 27, alizaliwa mtumwa, akaachwa huru akiwa na miaka 24, sasa ni askari wa zimamoto. Crispus, miaka 31, mwungwana na raia, ni karani katika chama cha wapima nafaka. Bwana wa zamani wa Hilarus yu hai, anaishi Ostia, na ana kumbukumbu nzuri.

Hatua ya 4: Kikwazo kitoke ndani ya sheria

Riwaya ya mapenzi inahitaji kitu kinachowatenganisha wapenzi, na mwandishi mvivu huleta mwanamke mwenye wivu. Sheria ya Roma itakupa kitu bora zaidi.

Chini ya sheria ya Aelia Sentia ya mwaka 4, mtumwa aliyeachwa huru kabla ya kutimiza miaka 30 kwa kawaida hakupata uraia. Alipata hadhi ya katikati, iliyoitwa Ulatini wa Junia. Aliishi kama mtu huru, akafanya kazi, akaweka akiba. Lakini hakuweza kuandika wasia, na alipofariki mali yake yote ilirudi kwa bwana wake wa zamani, kana kwamba hakuwahi kuachwa huru. Mwandishi mmoja wa kale alisema kwamba watu hawa waliishi kama waungwana na kufa kama watumwa.

Fikiria maana yake kwa Hilarus na Crispus. Kila sarafu wanayoiweka pamoja iko hatarini. Crispus akifa leo, wasia wake hauwezi kumrithisha Hilarus moja kwa moja hata kitanda. Hilarus akifa katika moto, yule mzee atakuja kuchukua hata viatu.

Mlango upo. Sheria ya Visellia ya mwaka 24 ilisema Mlatini wa Junia aliyetumikia miaka 6 katika zimamoto wa Roma atapata uraia. Baadaye muda huo ulipunguzwa hadi miaka 3. Zimamoto hao waliundwa na Augustus mwaka 6, vikosi 7, wengi wao wakiwa watu walioachwa huru, na Ostia walipelekwa kwa zamu. Kwa hiyo Hilarus anakimbilia moto kila usiku kwa sababu moto ndio njia ya uraia, na uraia ndio njia ya kumfanya Crispus kuwa mrithi wake. Kila kengele ya hatari ina uzito mara mbili. Zamu yake ya Ostia ikiisha anarudishwa Roma, na hapo unapata sura za barua na za kungojeana bila kulazimisha chochote.

Ongeza yule bwana wa zamani anayelikumbuka neno "wajibu". Hana haja ya kuwa katili. Anaweza kuwa mtu mpole, anayemwalika Hilarus chakula cha jioni na kumwuliza, mbele ya wageni, mbona siku hizi haonekani nyumbani. Msomaji atatetemeka kuliko kama angeshika mjeledi.

Hatua ya 5: Siku ya Kirumi, saa kwa saa

Hapa mwandishi wa Kiswahili ana faida ambayo wengine hawana. Warumi walihesabu saa tangu jua linapochomoza: saa sita ilikuwa adhuhuri, saa kumi na mbili ilikuwa magharibi. Andika "saa tatu" na itakuwa saa tatu yao na yetu pia, bila maelezo. Tofauti ni moja. Waligawa mchana kwa 12 hata uwe mrefu au mfupi, hivyo saa ya kiangazi mjini Roma ilikaribia dakika 75 na ya majira ya baridi ilishuka hadi kama dakika 45. Kwa wapenzi wanaokutana mchana kwa siri hilo si jambo dogo: Desemba inawaibia muda. Usiku waliugawa katika makesha manne.

Chakula: mkate, uji wa nafaka, dengu, zeituni na mafuta yake, jibini, tini, mvinyo uliochanganywa na maji, na mchuzi wa samaki waliochachushwa unaomwagwa juu ya karibu kila kitu. Ondoa nyanya, viazi, mahindi na pilipili kali, vyote vilitoka Amerika. Kitamu ni asali. Ukutani huko Pompeii kuna tangazo la mwuza mvinyo mmoja: sarafu moja ya shaba kwa kinywaji cha kawaida, mbili kwa kilicho bora, nne kwa mvinyo wa Falernum. Mtu anapomnunulia mwenzake kikombe cha sarafu nne, huna haja ya kuandika kwamba anampenda.

Harufu usizisahau. Wafua nguo walitumia mkojo kusafishia sufu, na mitungi ya kuukusanya iliwekwa njiani. Kwenye bafu watu walijipaka mafuta ya zeituni kisha wakajikwangua jasho na vumbi kwa chuma kilichopinda. Sabuni ya kuogea haikuwa kawaida. Mgongo mtu hawezi kujikwangua vizuri peke yake. Sitakuambia ufanye nini na habari hiyo.

Zimamoto walikuwa na shoka, kulabu, pampu za mkono, ndoo za kamba zilizopakwa lami, na mablanketi mazito yaliyoloweshwa siki. Kambi yao ya Ostia ilijengwa upya katika miaka ya Hadrian, na hata chooni mwao kulikutwa madhabahu ndogo ya Fortuna, mungu-jike wa bahati. Watu wanaokimbia usiku kuingia kwenye ghorofa zinazowaka wanahitaji kuomba popote walipo.

Kuhusu mapigano, siasa na majina ya maseneta, ukiweza kuviacha viache. Si riwaya ya vita.

Hatua ya 6: Wape lugha ya kusema

Msomaji wetu tayari ana Roma ndani ya masikio yake, kwa sababu Agano Jipya limejaa Warumi wanaosema Kiswahili. Kaisari, liwali, akida, dinari, watoza ushuru: tumia maneno hayo, usibuni mengine. Neno la Kilatini lisilo na mwenzake lieleze kwa kitendo, mara moja, kisha endelea.

Majina yana hadithi ndani yake. Mtumwa alikuwa na jina moja, mara nyingi la Kigiriki au la kumpendeza bwana, kama Felix au Hilarus, maana yake mchangamfu. Akiachwa huru huchukua majina mawili ya bwana na kulibakiza la kwake mwisho. Kwa hiyo Hilarus sasa ni Lucius Vettius Hilarus, na kila anapojitambulisha rasmi anatamka kwanza jina la mtu aliyemmiliki. Crispus asimwite hivyo kamwe.

Sasa heshima. Hilarus atamwita Crispus "bwana" mbele za watu kwa sababu ndivyo mtu wa hadhi yake anavyosema na mwungwana. Wakati wa kuliacha neno hilo ni tukio kubwa kuliko busu, kwa hiyo usiliharakishe. Tazama kipande hiki:

Zamu ilikuwa imekwisha. Hilarus aliketi kwenye ngazi za ghala akifungua kamba za viatu, nguo zake zikinuka siki na moshi.

"Pameungua watu?" Crispus aliuliza.

"Mikate tu, bwana. Tanuri la mwokaji lilishika dari."

"Umeniita tena bwana."

"Pana watu." Alielekeza kidevu kwa wapagazi waliokuwa wakipanda na magunia.

Crispus alingoja wa mwisho apite. Kisha akaisogeza ile ndoo ya kamba, akaketi ngazi ya chini kabisa, penye miguu ya Hilarus.

"Sasa hapana watu."

Hilarus alimtazama mwungwana aliyeketi chini yake. Jina halikumtoka. Alijisogeza ukutani, akaacha nafasi ya mtu mmoja kwenye ngazi ileile.

Hakuna aliyesema "nakupenda", na hakuna maelezo ya sheria. Lakini mtu wa juu amekwenda chini, na wa chini amekataa kubaki juu. Ametaka ngazi moja. Rudia muswada wako na utafute mahali pa namna hii: kitanda cha kulia chakula na nani analala upande gani, nani anatangulia mlangoni, nani anamwaga mvinyo. Roma nzima iliishi kwa mpangilio wa nani anaketi wapi.

Baadaye, wakiwa peke yao, waache waitane "ndugu". Wapenzi wa kiume katika maandishi ya Kilatini waliitana hivyo, na kwa Kiswahili linasikika kawaida mbele ya jirani yeyote.

Hatua ya 7: Watafutie chumba

Kabla ya kuandika usiku wao wa kwanza, jiulize wako wapi. Nyumba ya mwungwana ina watumwa wanaolala hadi kizingitini. Kambi ya zimamoto ina wanaume katika kila chumba. Ghorofa za Ostia ni bora: chumba cha kupanga juu kabisa, joto kali wakati wa kiangazi, maji ya kubeba kwa ngazi, na ukuta mwembamba unaokulazimisha kunong'ona. Mjini Roma kwenyewe, magari ya mizigo yalizuiwa kuingia saa nyingi za mchana tangu zama za Julius Caesar, kwa hiyo usiku ulijaa kelele za magurudumu; kelele hizo ni faragha.

Kiasi cha kuonyesha ni uamuzi wako. Ushauri wangu ni kwamba kila tendo libadilishe kitu kati yao. Kama wametoka kitandani wakiwa vilevile walivyoingia, funga mlango na uendelee na asubuhi.

Hatua ya 8: Furaha inayowezekana

Riwaya ya mapenzi inamwahidi msomaji mwisho mwema, na wanaume wanaopendana wamezikwa vya kutosha katika vitabu. Usimwue yeyote kati yao ili kisa kionekane kizito.

Lakini usiwape harusi ya leo. Wape walichoweza kuwa nacho. Hilarus anatimiza muda wake na kuwa raia. Siku hiyo anavaa toga kwa mara ya kwanza, nguo ya sufu yenye urefu wa karibu mita 5 au 6 ambayo mtu hawezi kuikunja vizuri bila msaada, na Crispus ndiye anayeipanga mikunjo begani kwake. Mpe ukurasa mzima huo. Kisha wasia mbili mbele ya mashahidi, kila mmoja akimtaja mwenzake. Kisha duka, au kinu cha mkate, kwa ubia. Na kati ya Ostia na bandari iliyojengwa na Kaisari Trajan, kwenye makaburi ya Isola Sacra ambako mafundi na wafanyabiashara walijenga nyumba za wafu zenye picha za kazi zao, wanunue kiwanja kimoja wakiwa bado wazima. Warumi walifanya hivyo bila huzuni. Wabishane na mchongaji kuhusu bei ya herufi.

Hatua ya 9: Kabla hujachapisha

Haya ni mambo ya leo, na ni mazito. Kenya ina kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mwaka 2019. Tanzania ina kifungu cha 154, adhabu yake ikifika kifungo cha maisha, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuchapisha ponografia. Uganda, sheria ya mwaka 2023 inaadhibu hata "kuhamasisha", hadi miaka 20 jela. Vifungu vya Kenya na Tanzania vinahusu vitendo, si hadithi, lakini mwandishi anayeishi huko asijifanye hajui.

Tumia jina la uandishi lisilofanana na lako wala la mtu wa ukoo. Fungua anwani ya barua pepe ya kazi hiyo pekee, isiyounganishwa na namba yako ya simu. Picha yako isiwepo. Faili likitoka kwenye kompyuta yako huwa na jina lako katika sifa zake. Lifute kabla ya kulituma kwa yeyote. Usiweke kazi kwenye makundi ya WhatsApp, kwa sababu namba yako inaonekana na ujumbe husambazwa. Kama uko nje, Muscat au Minneapolis, angalia sheria za ulipo na za nchi unayorudi likizo.

Tafuta wasomaji wawili wa kwanza unaowaamini kabisa. Mmoja awe mtu wa historia. Mpe sehemu za muswada zinazotokana na hatua ya 4 na ya 5 azichane. Mwingine awe mpenzi wa riwaya za mapenzi asiyejali Roma hata kidogo, na umwulize jambo moja tu: ni ukurasa gani alioanza kuingiwa na hofu kwa ajili ya Hilarus na Crispus. Akitaja ukurasa uliozidi wa 40, anza kukata kutoka mwanzo.